Konzi ya Nani

Mama alinipa kipimo kwa mdomo:
konzi moja ya majani ya mlonge,
maji vikombe vitatu, chemsha yabaki viwili,
asubuhi kikombe, jioni kikombe.
Hakusema konzi ya nani.

Mimi napakia magunia ya dagaa Mwaloni.
Nikichota unga, sahani inajaa.
Kiganja chake yeye kinalala yai la kanga
na nafasi haibaki.

Siku ya kwanza nikachota. Ya tatu nikaongeza,
maana anayempenda mtu hapimi kibahili.
Vidonge vya sukari alivyopewa kliniki,
vyeupe, viwili kwa siku, alivimeza palepale,
akavishushia na chai yangu ya kijani.
Sikudhani vitakutana huko chini na kushikana mikono.
Kwenye kibao cha muuzaji wa Igogo pameandikwa
CHA ASILI HAKINA MADHARA.

Utupa nao ni wa asili: waulize samaki
walioelea matumbo juu.
Mnyaa ni wa asili: uliza jicho la mbuzi wetu.
Hata upupu haukutoka kiwandani.
Haya nayasema leo. Usiku ule nilijua kibao tu.

Saa saba usiku akanisalimia, "Mwangaluka, Ng'wandu,"
kama kumekucha,
kama mimi ni kaka yake aliyezikwa Misungwi.
Jasho limeilowesha kanga mpaka pindo,
mikono inatikisika kama ya mtu anayepepeta mchele
na ungo hauna kitu.

Kwetu Mabatini, juu kule, gari halipandi.
Ni mawe, na kati ya mawe ngazi za kubahatisha.
Nilimbeba mgongoni, mimi bingwa wa magunia,
na hakuna gunia lililowahi kunipumulia sikioni.

Sista Generoza akauliza: amekunywa nini?
Nikasema, dawa za kliniki tu.
Akauliza tena, huku anamtoboa kidole.
Za kliniki tu, Sista.
Sijui nilikuwa namficha mama au najificha mwenyewe,
au naliogopa lile jicho la mapokezi
linalosema, hawa watu wa mizizi.
Akakisoma kile kimashine, akakisoma tena.
"Mti hauniudhi, kaka.
Kinachoniudhi ni chupa mliyoiacha nyumbani."

Nikamwambia. Mlonge.
Kiasi gani?
Konzi.
Akautazama mkono wangu
muda mrefu.

Dripu ilidondoka mpaka alfajiri.
Ziwa lilipoanza kuonekana dirishani
mama aliniita Masalu, akaongeza la baba na la babu,
kama mwalimu anayesoma rejista.

Siku hizi chupa yetu ina plasta, na plasta ina tarehe.
Inakwenda kliniki kikapuni pamoja na kadi,
inakaa mezani kwa daktari bila aibu.
Mlonge wenyewe umepumzishwa; vipimo vikitulia
tutaulizana upya, kwa kijiko cha chai.
Juzi Holo wa jirani, mimba ya miezi minne,
alikuja kuomba shubiri, choo kimekuwa kigumu.
Mama akamnyima. "Tumboni mko wawili," alimwambia,
"na mmoja hajui kusema limemkaa vibaya.
Nenda kwa mkunga."
Holo aliondoka amenuna. Mama akaendelea kuchambua mchicha.

Ila nimeruka kitu.
Siku ile tuliporudi kutoka hospitali,
kabla hajaingia ndani, kabla ya uji,
alinikalisha juu ya jiwe la mlangoni,
akafumba kiganja, akanigonga utosini.
Ko.
"Konzi yangu," alisema, "ndiyo hiyo.
Umeusikia udogo wake?"